Armel wa Hewa Baridi

Mukandayisenga hakuzima gari alipoingia gereji. Likizimwa lilichukua muda kuwaka tena, na asubuhi ile hakuwa na muda wa kupoteza. Alifungua mlango injini ikiguruma, akashusha mguu mmoja, akapaza sauti kushinda ule mgurumo.

"Nani hapa atanieleza kwa nini gari langu limezeeka kabla yangu?"

Mafundi wakacheka. Armel Ndihokubwayo, aliyekuwa amelala chini ya basi dogo, hakucheka kwa sababu alikuwa anasikiliza. Mama yule alipokanyaga mafuta ili gari lisizime, chini ya mgurumo kulitoka sauti nyingine, nyembamba, kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Akiachia, inakufa. Akikanyaga, inarudi. Kabla Armel hajatoka chini ya basi alishajua ugonjwa, au alikaribia sana kuujua: mpira unaotoa hewa kwenye turbo, ile pampu ya hewa, kuipeleka kwenye injini ulikuwa umepasuka mahali. Gari lilikuwa linavuta pumzi, na pumzi inavuja njiani.

Ilikuwa kazi ya nusu saa, tena ya mpira mmoja na vibanio viwili.

"Linakataa mlima," mama alikuwa anamweleza kila aliyetaka kusikia. "Natoka Gahanga na nyanya na mananasi, napeleka Kinyinya kwa wajenzi. Zamani nilikuwa napanda ninaimba. Sasa napanda kwa kusali, moshi mweusi nyuma, wenye pikipiki wananitukana."

Armel alikwisha kupangusa mikono, amefungua mdomo aseme, ndipo Bayingana alipotoka ofisini.

Bayingana ndiye mwenye gereji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya upole, aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mtu yeyote pale mtaani Gatsata. Hakuwa mtu mbaya. Hilo Armel alilirudia moyoni mara nyingi, na ndilo lililomfunga zaidi. Miaka kadhaa nyuma, Armel alipofika kutoka Bujumbura na mke na begi moja, ni Bayingana aliyempa spana. Ni yeye aliyewapa chumba nyuma ya gereji, bila kodi, mlango wake ukitazamana na shimo la kubadilishia oili. Mkewe, Aurore, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, ni Bayingana aliyeendesha gari hadi hospitali akipiga honi njia nzima. Mtoto wao Natacha aliitwa jina alilopendekeza yeye.

"Karibu sana, mama yangu," Bayingana akasema. "Gari hili halijazeeka. Limebanwa pumzi tu. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka ukutani. Tangu mwezi wa tano kulikuwa na mabomba yamening'inizwa pale kama nyama buchani: mabomba ya kuingizia hewa baridi kwenye injini, yaliyokuja na maboksi kutoka Dubai. Bayingana aliyaamini. Alikuwa ameona video nyingi, akalifunga moja kwenye gari lake mwenyewe, na aliapa kwamba sasa linaruka.

"Kiwandani wanaweka boksi la plastiki na njia nyembamba," alieleza. "Injini inakunywa hewa kwa mrija, tena hewa ya moto. Sisi tunaondoa boksi, tunaweka bomba pana, na chujio hili jekundu linalovuta kila upande. Hewa baridi ni nzito, mama. Hewa nzito ni nguvu."

Kulikuwa na aina tatu. Moja ilikuwa na chujio lililofunikwa ndani ya boksi lake. Ya pili ilikuwa ya bati linalong'aa, chujio likiwa wazi juu. Ya tatu ilikuwa ndefu, inashuka hadi nyuma ya bampa karibu na tairi. Mukandayisenga alizishika moja moja, akizipima mkononi kama anavyopima mananasi, kisha akageuka.

"Wewe kijana wa Bujumbura. Nimesikia unavyoongea na wenzako. Ni Buyenzi?"

"Ndiyo, mama. Buyenzi."

"Na mimi nimelelewa kule, mtaa wa saba. Sasa niambie kama mtu wa nyumbani. Ingekuwa gari lako, ungefunga lipi?"

Armel aliona macho ya Bayingana. Hayakuwa na ukali wowote. Yalikuwa macho ya mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Nyuma ya Bayingana mlango wa chumba ulikuwa wazi, na Aurore alikuwa ameinamia cherehani yake.

"Hili refu hapana," Armel akasema. "Mvua zikija, maji ya barabarani yataingia kwenye injini, na injini ikinywa maji imekufa. Wewe unapita vumbi la Gahanga. Ingekuwa langu... ningechukua lenye boksi."

Ulikuwa ukweli, lakini nusu yake.

"Lenye boksi haliingii kwenye aina ya gari lako," Bayingana akasema taratibu. "Lakini hili la kung'aa linaingia kama limezaliwa nalo. Fundi wangu atakufungia leo leo."

Mama akamtazama Armel. Armel akatikisa kichwa kukubali.

Boneti ilipofunuliwa na gari kupoa, aliutafuta mpira ule kwanza. Ulikuwa pale alipodhani, upande wa chini usioonekana, umepasuka urefu wa kidole, na masizi yenye oili yametapakaa kuuzunguka. Alimwita Bayingana. Aliongea kwa sauti ya chini kwa sababu mama alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua kumi tu kutoka pale, anakunywa soda.

"Bosi, iko hivi. Ni mpira huu. Tukibadilisha mpira, gari limepona. Bomba halina kazi hapa."

Bayingana aliinama akatazama. Kisha akajinyoosha.

"Unaona bomba langu kuwa ni uongo?"

"Sijasema hivyo, bosi."

"Basi funga bomba, Armel. Mama amekwisha kuchagua." Akamgusa bega. "Mimi sijawahi kukuuliza kwa nini unafanya hili au lile. Nimekuamini tu. Na wewe niamini."

Akarudi ofisini. Bega la Armel lilibaki zito, kama mkono bado uko pale.

Alifanya kazi. Alitoa boksi la zamani pamoja na chujio lake la karatasi, akachomoa waya wa sensa, kifaa kinachopima hewa inayoingia, akaihamisha sensa kwenye bomba jipya. Bomba halikuingia kama limezaliwa nalo. Ilibidi aisogeze betri, akate kipande cha bati, atoboe tundu jipya la kushikia mguu wa bomba, na hata hapo chujio jekundu likabaki limekaribiana na injini kiasi kwamba hewa litakayovuta ingekuwa ya moto kuliko ile ya zamani. Alipokuwa ameinama hivyo, mwili wote ukiwa umeziba injini, alitoa mpira uliopasuka akauficha ndani ya ovaroli. Akachukua mwingine kutoka kwenye ndoo yake ya vipuri vya zamani, akaupangusa, akauweka, akakaza vibanio. Hakuna aliyemwona.

Alijiambia kwamba huo ndio mlango wa kutokea. Mama angepona, bosi angeridhika, Aurore angelala pazuri. Nani angeumia?

Walikwenda kulijaribu kwenye mlima. Mukandayisenga mwenyewe akashika usukani. Lilipanda bila moshi, na bomba la wazi likiwa linavuma *huuuu* mbele yao kama ndege inayotaka kupaa, naye akapiga usukani kwa viganja akicheka.

"Fundi! Fundi, umenirudishia ujana!"

Armel alicheka pamoja naye, kwa kuwa angeonekana wa ajabu asipocheka.

Mama yule alikuwa na mdomo, na alikuwa na watu. Wiki haikuisha, wauza nyanya wawili wa Gahanga walikuja wakitaka "lile la mama". Wakaja wajenzi wa Kinyinya na pikapu zao zilizojaa vumbi la saruji. Akaja kijana mmoja wa ofisini aitwaye Keith, aliyekulia Kampala, ambaye hakubeba chochote kwenye gari lake zaidi ya miwani ya jua, lakini alitaka ule mvumo.

Na kila gari lililokuja, Armel alilisikiliza kwanza. La huyu lilikuwa na chujio la dizeli lililoziba. La yule, kibanio kilicholegea. Jingine lilikuwa na breki iliyong'ang'ania, likitembea siku zote kama linaburuta mzigo. Aliinama, akaziba injini kwa mwili wake, akatibu ugonjwa wa kweli kwa siri, kisha akafunga bomba juu yake. Kila gari likatoka limepona, na kila aliyepona akaleta wengine wawili. Kadiri alivyotibu vizuri ndivyo mabomba yalivyouzika, na kadiri yalivyouzika ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu. Siku ya kwanza angekuwa fundi anayesahihisha kosa la bosi. Sasa angekuwa nani?

Mwezi wa saba Bayingana alileta mpiga picha. Alimsimamisha Armel mbele ya ukuta wa mabomba, amekunja mikono, na siku nne baadaye bango likasimama getini, urefu wa mtu mzima: uso wake, na chini yake maandishi mekundu, ARMEL WA HEWA BARIDI. Natacha alikuwa akilisalimia bango kila alipotoka shule. Aurore alilipiga picha akamtumia mama yake Bujumbura.

"Mbona hufurahi?" alimuuliza mumewe. "Watu wanatafuta jina miaka yote. Wewe umeletewa."

"Nafurahi."

"Unafurahi kama mtu anayeumwa jino."

Angeweza kumwambia siku ile. Alimtazama akikata uzi kwa meno, nguo ya mteja mapajani, ukuta wa chumba ambacho si chao nyuma yake, akaona kwamba akimwambia watakuwa wawili wasiolala.

Kisha akaja Nsabimana. Huyu alikuwa mzee kidogo, dereva wa lori la kubeba mchanga, mtu mpole aliyevua kofia alipoingia. Armel aliliwasha lori, akalisikiliza, akafungua kifuniko cha oili akaona moshi ukitoka kwa mapigo. Pistoni zilikuwa zimechoka. Injini nzima ilitaka kufunguliwa. Hapakuwa na mpira wa kubadilisha kwa siri wala kibanio cha kukaza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kuficha chini ya bomba.

Alilifunga hivyo hivyo. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Alipomaliza alisimama pembeni akisubiri mzee apande mlima, arudi, amtemee mate. Nsabimana alirudi machozi yakimlenga.

"Jamani," alisema, "linapaa."

Halikuwa linapaa. Armel alilitazama likipanda, mwendo wake ni ule ule wa asubuhi, moshi ule ule wa buluu. Mvumo tu ndio uliozidi. Lakini mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea baraka yeye na watoto wake, na Armel akahisi kitu ambacho hajawahi kukihisi hata siku waliyovuka mpaka na begi moja: kwamba hata akipiga kelele hapa, hakuna atakayemsikia.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unaelekea mwisho, na mvua za kwanza hazijatuliza vumbi, Mukandayisenga alirudi. Safari hii gari lilimzimikia getini, akalisukumiza ndani kwa msaada wa wapita njia. Hakuimba wala hakutania.

"Linalia kama mbuzi," alisema. "Halafu linakunywa oili. Jana limenikatalia katikati ya mlima na mzigo umejaa. Nyanya zimeiva zote juani."

Armel alilegeza bomba la kung'aa, akaingiza kidole ndani yake, upande ule ambao hewa inapaswa kuwa imekwisha kuchujwa. Kidole kikatoka chekundu. Vumbi la Gahanga lilikuwa limepita kwenye chujio lile la wazi siku baada ya siku, likaingia kwenye turbo. Alishika kigurudumu cha turbo akakitikisa. Kilicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto.

Bayingana alikuwa amesimama karibu. "Ni mafuta ya dizeli," akasema. "Siku hizi dizeli mbaya imejaa. Tutakusafishia, mama, tena bomba tutalibadilisha tukuwekee kubwa zaidi. Wewe ni mteja wetu wa kwanza."

Mukandayisenga alikuwa anatazama kidole cha Armel.

"Fundi. Hicho ni nini?"

Karakana nzima ilikuwa na kelele. Mtu alikuwa anagonga bati, redio inaimba. Armel aliona njia mbili zilizokuwa zimebaki, na zote alizijua mwisho wake. Alikuwa ameshazitembea kichwani mara mia akiwa amelala kitandani.

"Ni vumbi, mama," akasema. "Limeingia kwa sababu ya bomba. Boksi lako la zamani lisingeliruhusu." Akapangusa kidole kwenye ovaroli. "Na ile siku ya kwanza hukuponywa na bomba. Ulikuwa na mpira uliopasuka. Niliubadilisha bila kukuambia. Bomba halikufanya chochote."

Alitegemea mama atamgeukia Bayingana. Hakumgeukia. Alimsogelea yeye, karibu kabisa, akaongea kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha Buyenzi kabisa.

"Nilikuuliza wewe. Sikumuuliza yeye. Yule ni mfanyabiashara, anauza, namjua. Nilikuuliza wewe kama mtoto wa nyumbani, ukatikisa kichwa."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimewaleta watu wangu hapa. Nimewashika mikono."

"Ndiyo."

"Boksi langu liko wapi?"

Maboksi ya zamani yalikuwa yameuzwa yote kwa wanunuzi wa vyuma na plastiki. Armel alimwambia hivyo. Kisha akavua ovaroli, akaiweka juu ya benchi, akatoka na mama getini, akapita mbele ya bango lenye uso wake mwenyewe, mikono imekunjwa, bila kumwomba mtu ruhusa. Walizunguka maduka ya vipuri vya zamani Gatsata, moja baada ya jingine, wakipanda ngazi za udongo kati ya rundo la milango na rundo la radieta. Duka la tisa lilikuwa na boksi la aina ile, limepasuka sikio moja. La kumi na moja lilikuwa na turbo iliyotumika ambayo Armel aliitikisa mara tatu kabla ya kuikubali. Alilipa mwenyewe na mama hakumzuia.

Waliporudi, Bayingana alikuwa amekaa kwenye benchi, ovaroli ya Armel mapajani mwake, imekunjwa vizuri.

"Funga hilo gari, umalize," alisema. Sauti yake haikupanda. "Jumapili utaniachia chumba. Sikufukuzi kwa hasira, Armel. Ila siwezi kulala nyumba moja na mtu aliyekuwa ananicheka miezi mitatu, amejificha ndani ya injini."

"Sikuwa nacheka, bosi."

"Ulijua, ukaniacha niendelee kuuza. Mimi niliamini. Wewe ulijua."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alikuwa amemwambia mara moja, siku ya kwanza, kwa sauti ya chini. Baada ya hapo alimpa kila wiki ushahidi mpya wa kuamini.

Aurore alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unaniogopa na mimi?"

"Nilikuwa nataka ulale."

"Nilikuwa silali," akasema. "Nilidhani una mwanamke."

Akaanza kutoa vitambaa kwenye cherehani. Baada ya muda mabega yake yakaanza kutikisika, na Armel hakujua kama anacheka au analia hadi alipomwona uso. Alikuwa anafanya yote mawili.

Mukandayisenga hakuwapa nyumba, wala hakusema amesamehe. Aliwapa jina la mjomba wake mmoja mwenye vyumba vya kupanga Kinyinya, karibu na majengo mapya, akaondoka. Walihamia huko, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji mbichi. Armel alipata kazi ya kutengeneza mashine za kuchanganya zege na jenereta za wajenzi. Natacha alilia siku mbili kwa sababu ya kuacha bango.

Wiki ya pili, Armel alikaa kwenye ngazi baada ya kazi, akatoa karatasi aliyokuwa ameandika namba za wateja. Zilikuwa kumi na tisa. Alianza na ile iliyokuwa ikimnyima usingizi zaidi.

"Mzee Nsabimana? Ni Armel. Yule fundi wa gereji."

"Wa Hewa Baridi! Mwanangu! Hujambo?"

Armel alimweleza taratibu, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Kwamba bomba halikusaidia. Kwamba pistoni zimechoka, injini inataka kufunguliwa kabla haijajifia barabarani. Kwamba lile bomba litolewe, vumbi linaingia, na yuko tayari kulitoa yeye mwenyewe bila malipo. Kwamba anaomba radhi.

Upande wa pili mzee akacheka kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

"Nimesikia mmegombana na Bayingana. Pole. Lakini usiseme hivyo kuhusu kazi ya mikono yako, mwanangu. Lori langu linapaa. Nalisikia kwa masikio yangu."

"Mzee, hiyo ni sauti tu..."

"Siku hizi uko wapi? Nina shemeji yangu anataka kufungiwa, na amesema lazima ufunge wewe."

"Kinyinya," Armel akasema, kabla hajafikiri. "Lakini sifungi tena, mzee. Umenisikia? Sifungi."

"Kinyinya, vizuri," Nsabimana akasema. "Kesho tutakuja. Bomba tutakuja nalo."

Simu ikakatika. Armel alibaki na karatasi gotini, namba kumi na nane zikiwa bado, na ndani ya chumba Aurore akiuliza alikuwa anaongea na nani.